Jina Kubwa ni Amana

Mwezi wa Januari mwaka 2010 kundi la watu wenye majina makubwa huko Marekani lilifika Kilimanjaro, likaupanda mlima wetu hata kileleni, mita 5,895 juu ya bahari. Aliyeianzisha safari ile ni Kenna, mwanamuziki mzaliwa wa Ethiopia. Na pamoja naye walikuwamo Bibi Jessica Biel na Bwana Emile Hirsch, wachezaji wa sinema. Hawakuja kwa matembezi. Macho ya watu yamezoea kuwafuata wachezaji popote waendako, nao walitaka macho hayo yageuke, yawatazame mamilioni ya wanadamu wasio na maji safi ya kunywa. Safari ilipigwa picha, ikaonyeshwa katika televisheni mwaka ule ule.

Wapo wanaouliza: mchezaji wa sinema ana nini na haki za watu? Na Mkristo aweza kuongeza swali zito zaidi. Bwana wetu alituonya tusipige tarumbeta tutoapo sadaka. Je, kupanda mlima mbele ya kamera si kupiga tarumbeta?

Swali hili halifai kupuuzwa, lakini yatupasa kupambanua mambo mawili. Sadaka hutoka katika mali yangu. Kwa kuwa ni yangu naweza kuificha, tena ni vema niifiche, nisije nikatafuta sifa. Haki ni mali ya mwenzangu. Mtoto anywaye maji machafu haombi fadhili. Adai kilicho chake. Mwezi wa Julai mwaka uo huo 2010 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikiri kwamba maji safi ni haki ya kila mwanadamu, na Baba Mtakatifu Fransisko akafundisha vivyo hivyo katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015. Basi mtu aijuaye haki ya mwenzake, naye ana sauti isikikayo, hana ruhusa ya kuificha kana kwamba ni sadaka yake mwenyewe.

Wazee wa Uchagani waliyajua haya kabla ya sinema kuwako. Walichimba mifongo, wakayateremsha maji kutoka msituni mpaka vihambani. Mwenye kihamba cha juu huyapata kwanza, lakini hakuyaumba. Huyapokea kwa zamu, kisha huyafungulia yamfikie jirani wa chini; akiyazuia, amedhulumu. Sifa nayo ni vivyo hivyo. Mchezaji hakujipa jina mwenyewe. Amepewa na watu walipao viingilio na kumtaja majumbani mwao. Ni amana iliyopita kwake kwanza, ipate kuwafikia wengine.

Twawezaje kujua kama sifa ya mtu yapita au imezuiwa? Tuangalie kihamba kilicho karibu naye. Kila mgeni apandaye Kilimanjaro hutegemea wapagazi. Mahema, chakula na vyombo vya kupikia vyabebwa vichwani na migongoni mwa vijana wetu. Vitabu vyatuambia kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Lakini ni wangapi kati yetu wawezao kutaja jina la mpagazi mmoja tu wa safari ile? Mwaka 2003 lilianzishwa Kilimanjaro Porters Assistance Project, shirika lenye makao yake Moshi, ili kutetea ujira na hali za wapagazi. Haja yake yatuonyesha kwamba haki yaweza kusahauliwa hatua mbili tu kutoka hemani. Papa Leo wa Kumi na Tatu alikwisha kufundisha juu ya ujira wa haki tangu mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum. Mtu aiteteaye haki ya watu wa mbali, asiulize aliyembebea mzigo amelipwa nini, amemwagilia shamba la ng'ambo na kuliruka la jirani. Hatusemi kwamba wageni wa mwaka 2010 walifanya hivyo. Twasema kwamba hicho ndicho kipimo cha kila mwenye jina.

Nawe msomaji, usidhani kwamba maneno haya yawahusu watu wa sinema tu. Mwalimu, katekista, kiongozi wa jumuiya, mwenye duka anayeheshimiwa sokoni: kila mmoja ana kihamba kilicho juu ya kihamba cha mwenziwe. Huenda kijijini kwako yupo mjane ambaye shemeji zake wanamnyang'anya kihamba alichoachiwa na marehemu mumewe. Yeye akisema, ukoo hausikii. Wewe ukisema, watu watanyamaza na kusikiliza, kwa maana wamekuheshimu miaka mingi. Heshima ile ulipewa kwa siku kama hiyo. Ukikaa kimya katika kikao cha ukoo, usijisifu kwamba u mtu wa amani, mpole, usiyependa kujionyesha. Umeuziba mfongo, na aliye chini yako hana maji.