Moja ya Mkononi

Mwezi wa Julai baridi ya Sumbawanga huwarudisha watu ndani mapema. Upepo wa jioni wa uwanda wa Ufipa hauna huruma kwa mifupa ya mzee aliyevuka miaka sabini. Ndivyo nilivyojikuta nimejifunika blanketi kando ya mjukuu wangu, nikitazama kazi ambayo mwanzoni niliihesabu kuwa upuuzi wa vijana.

Anatunga mchezo wa kuchezwa katika mashine ya kale, ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Mashine yenyewe hana. Anayo programu katika kompyuta yake inayoigiza kila tendo la mashine ile. Jioni hiyo aliagiza neno SIMAMA, kioo kikaonyesha TIMAMA.

"Umekosea herufi," nikasema, kwa kiherehere cha mwalimu. "Futa, uandike upya."

"Babu, sijaandika T popote."

Akafungua dirisha linaloonyesha kumbukumbu ya picha. Humo, msomaji, hamna picha kamili kama uionavyo kwenye kioo. Kuna vigae vidogo, kila kimoja nukta 8 kwa 8, na kuna ukurasa wa visanduku 960, mistari 30 yenye visanduku 32, ambamo kila kisanduku kina namba ya kigae kitakachochorwa mahali pake. Vigae vya herufi vilikuwa vimepangwa salama, S mahali pa S na T mahali pa T. Lakini katika kisanduku cha kwanza cha neno lile palikuwa na 83, wakati S ni 82. Kioo hakikuwa na hatia. Kilichora kwa uaminifu kile kilichoamriwa.

Nani basi aliandika 83? Kwa macho huwezi kujua, kwa kuwa picha huchorwa upya mara 60 hivi kwa sekunde. Mjukuu wangu akatega mtego anaouita brekipointi: akaiamuru programu ile isimamishe mashine nzima mara tu mkono wowote utakapogusa kisanduku kile. Mashine ikakimbia, ikaganda. Mkosaji kashikwa, nikasema. Hapana. Amri iliyoandika 83 ilikuwa imekabidhiwa 83 tayari. Akarudi nyuma hatua moja, akakuta hesabu ya kujumlisha: herufi S ni ya 18, kuongeza 64. Jibu likatoka 83.

Hapo nilicheka kwa sauti, maana kosa lile nimelisahihisha kwa wino mwekundu maisha yangu yote. Ubongo wa mashine hiyo umetokana na ule uitwao 6502, wa mwaka 1975, na kila unapojumlisha huongeza na ile moja iliyo mkononi, kama ipo. Hesabu iliyotangulia, ya pointi za mchezaji, ilikuwa imeacha moja mkononi. Hakuna aliyeuambia mkono ujifungue kwanza. Herufi zilizofuata zilisalimika kwa sababu kujumlisha kule kwa kwanza kuliimaliza ile moja.

Kicheko changu hakikudumu.

Mwaka 1989, nikiwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, niliona katika daftari la mitihani alama 59 za mwanachuo mmoja. Karatasi zake mbili zilikuwa na 26 na 23. Kufaulu kulianzia 50. Nikajumlisha, nikapata 49, na papo hapo nikajua, au nilidhani najua, kwamba amenunua alama kumi. Nilimwita, nikamsomea, nikamrudisha kwao na barua yenye neno "udanganyifu". Kwa 49 angerudia mtihani tu.

Miaka michache baadaye, nikipanga nyaraka za kumkabidhi aliyekuja kushika nafasi yangu, jicho likaangukia mstari wa juu yake: 37 na 25, jibu 62. Andika 2, moja mkononi. Moja ile haikuachwa pale. Ilishuka pamoja na kalamu hadi mstari wa kijana yule. Nikakuta mistari mingine mitatu ya namna hiyo. Hatukuiona kwa kuwa wenyewe walikuwa wamefaulu hata hivyo. Mkufunzi aliyejumlisha alifanya kazi usiku, kwa taa ya chemli, akisahihisha madarasa mawili kwa sababu mwenzake aliugua. Na aliyempa madarasa mawili ni mimi.

Sasa swali linalonisumbua. Ikiwa nyuma ya kila kosa kuna lililolitangulia, mkosaji ni nani? Watu hufasiri jina la mji wetu kuwa ni "tupa uchawi", nasi twajua mwanadamu anavyopenda kusimama kwenye uso wa kwanza anaokutana nao. Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Lakini kurudi nyuma bila kikomo nako ni hila: mwanachuo, mkufunzi, ugonjwa, uhaba wa walimu, mpaka kila mtu anakwenda nyumbani msafi.

Nilimwuliza mjukuu wangu yeye husimama wapi.

"Mahali ambapo ningeweza kufanya vingine," alisema, huku akiongeza amri moja ya kufungua mkono kabla ya kujumlisha.

Mahali pangu hapakuwa usiku ule wa chemli. Palikuwa asubuhi, daftari mezani, kalamu mkononi, kijana amesimama mbele yangu. Hakuna mashine iliyokuwa ikikimbia mara 60 kwa sekunde. Nilikuwa na siku nzima, na sikutazama mstari wa juu.

Wiki iliyofuata nilipanda basi la kuelekea Tunduma, nikashuka Laela, ambako ana mashine ya kusaga. Ni mtu mzima mwenye mvi. Alinipa kiti, akanipa na maji. Nilimwonyesha mistari miwili niliyoinakili siku ile ya makabidhiano, nikamweleza, nikamwomba radhi. Akachukua kalamu, akajumlisha wote miwili, polepole.

"Mkuu," alisema, "hata ile arobaini na tisa ilikuwa ya jasho langu."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akarudi kwenye mashine. Wateja walikuwa wakingoja.