Balansi ya Fundi

UJUMBE WA JUMAPILI
Somo: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Mithali 20:14

 

Leo sitaanzia Yerusalemu. Nitaanzia kwa bafu la nyumba yangu.

Mwaka jana mimi na mama mchungaji tulikarabati bafu na jikoni. Tukaita fundi. Tulikubaliana kwa mdomo tu: kazi ni shilingi 60,000, vifaa nanunua mimi. Nikampa 40,000, ikabaki 20,000 akimaliza. Akaweka taili, akapiga plasta, akaunganisha mabomba. Wiki mbili baadaye ukuta wa chumba cha watoto ukaanza kulowa maji. Nikakasirika. Fundi akipiga simu, sishiki. Akituma ujumbe, nausoma halafu nageuza simu kifudifudi mezani. Moyoni nikasema, "Ni haki yangu. Amefanya kazi mbovu."

Na Jumapili napanda hapa, nahubiri. Mnaitikia amina.

Halafu Jumatano moja baada ya maombi, mama mmoja akanivuta kando. Akasema kwa heshima, "Pasta, uniwie radhi. Kijana wangu haji kanisani tena. Alikuwa kibarua kwa ile kazi yako. Siku zake nane hajalipwa. Anasema hawezi kukaa akusikilize ukifundisha juu ya zaka."

Wapendwa, usiku huo sikulala. Nilifungua Kumbukumbu la Torati 24. Pale Musa anaagiza kwamba kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni, alipwe siku ile ile, jua likiwa bado halijatua. Sababu ni kwamba huyo mtu ameuwekea moyo ujira wake. Akimlilia Bwana, hiyo inahesabiwa dhambi juu yako. Yakobo naye, sura ya 5 mstari wa 4, anaonyesha kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe unapiga kelele. Mimi nilikuwa sishiki simu, lakini simu ya yule kijana mbinguni ilishikwa!

Sasa utauliza, "Pasta, na ukuta uliolowa?" Swali zuri. Lalamiko langu lilikuwa la kweli. Lakini lalamiko la kweli linaweza kuficha tamaa. Soma Mithali 20:14: mnunuzi anaikashifu bidhaa akiwa mbele ya muuzaji, akienda zake anajisifu. Nilizuia 20,000 bila hata kuuliza kurekebisha kungegharimu ngapi. Na nikiwa mkweli mbele zenu, ile pesa ilikuwa imeshaenda kwa karo ya shule. Ukuta ulinipatia kisingizio.

Asubuhi nikampigia fundi. Tukamwita mzee wetu mmoja ambaye amefanya kazi ya mjengo maisha yake yote. Ukuta ukafunguliwa. Kiungo kimoja cha bomba fundi hakukikaza vizuri. Cha pili kilikuwa kimepasuka, na hicho nilikinunua mimi, cha bei ya chini, ingawa fundi alinionya. Kumbe kila mtu alikuwa na lake! Yeye akarekebisha lake bila malipo. Mimi nikanunua kiungo kizuri, nikalipa 20,000 kwa awamu mbili, nikaomba msamaha.

Ndugu na dada, shikeni mambo haya manne.

Kwanza, hesabu kabla ya kuanza. Yesu katika Luka 14:28 anazungumzia mtu anayeketi kupiga hesabu ya mnara kabla hajaujenga. Usimwite fundi kama pesa ya balansi huna. Na muandikiane: kazi gani, pesa ngapi, zinalipwa lini, kasoro ikitokea itakuwaje. Karatasi moja, sahihi mbili, shahidi mmoja.

Pili, tenganisha deni na kasoro. Kama kasoro ni ya 5,000, zungumzieni hiyo 5,000. Ile nyingine ni ya fundi, mpe.

Tatu, nenda ukamwone. Mathayo 18 inaanza na watu wawili peke yao, halafu mashahidi. Usianzie kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa. Na ukimwita wa kusuluhisha, mwite anayejua kazi, tena asiyeogopa kukuambia wewe ndiwe mkosaji.

Nne, kama mwenzako amekataa yote, hapo sheria ipo. Paulo, katika 1 Wakorintho 6, aliwakemea waumini waliokimbilia kushtakiana huku kanisani mna watu wenye hekima. Lakini kudai haki kwa unyoofu si dhambi. Tuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Nenda huko na risiti zako, bila matusi.

Na ninyi mafundi mlio hapa, msinipigie makofi sana! Mtu anakula dipositi ya huyu ili amalizie kazi ya yule, halafu anazima simu. Mwingine anahesabu mifuko kumi ya sementi na ukutani zimeingia saba. Huo pia ni wizi. Vibarua wako wanakutazama wewe kama ulivyomtazama mwenye nyumba.

Namalizia. Nilienda kwa yule kijana nyumbani. Siku zake nane alikuwa amelipwa. Nikamwambia nimekosa. Akanipa mkono, akanitengenezea chai. Lakini kanisani hajarudi. Kiti chake mnakiona pale. Balansi ya fundi nilimaliza kwa M-Pesa. Hii ya kijana hailipwi kwa simu. Nisaidieni kumwombea.

Na wewe, kama kuna namba hushiki, toka hapa uipigie leo, jua halijatua.

OMBI: Baba, tusamehe kwa jasho la watu tulilolishikilia. Tupe ujasiri wa kulipa, unyenyekevu wa kusikilizana, na uwarudishe wote waliokwazwa na sisi. Kwa jina la Yesu, amina.