Sili Halipi Kodi

Sili mtawa wa Hawaii hulala ufukweni hata mchana kutwa. Ana urefu wa mita mbili hivi, uzito wa kilo 200 au zaidi, mgongo wa kijivu na tumbo jeupejeupe. Akikaa sana baharini, mwani humwotea mwilini akaonekana wa kijani. Mara moja kwa mwaka hubambuka ngozi ya juu pamoja na manyoya, vipande vipande kama rangi ya ukuta wa ploti ya zamani. Ukimpita utadhani ni mvivu tu, amejitupa mchangani.

Kumbe ametoka kazini. Huzamia hadi sakafu ya bahari, pengine zaidi ya mita 500, akipindua mawe kutafuta pweza, mikunga na kambakoche. Mama akizaa, hunyonyesha kwa wiki sita hivi bila kula chochote. Lazima alale.

Lakini tuseme kweli angekuwa mvivu. Je, angepoteza haki ya kuwepo?

Nauliza kwa sababu wamebaki takriban 1,600, wote Hawaii, na wanaowatetea mara nyingi hutaja faida: wanavutia watalii, wanasaidia bahari ibaki na afya. Hoja hizo hunitia wasiwasi. Tangu niache chuo, kila shughuli ya familia naulizwa, "Siku hizi unafanya nini?" Najua inavyokuwa mtu akikutafutia faida kwanza ndipo akupe kiti.

Tena faida si kinga. Sili mtawa wa Karibi alikuwa na faida kubwa sana: mafuta yake yaliwasha taa na kulainisha mitambo. Naye alilala ufukweni hivyo hivyo. Mwaka 1494 mabaharia wa Columbus waliua wanane waliokuwa wamepumzika. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa 1952, na 2008 Marekani ikatangaza kwamba ametoweka. Hakuna aliyemwona hana maana. Maana yake ndiyo iliyommaliza.

Wapo wavuvi wa Hawaii wanaolalamika kwamba sili huwala samaki na kuwaibia chambo. Siwezi kumcheka mtu anayetetea sahani ya watoto wake. Akipata hasara, asiachwe aibebe peke yake. Lakini sili naye anatafuta chakula palepale, na hana soko la kukimbilia. Wote wawili wana njaa, na sioni kwa nini njaa ya mmoja ifute ya mwingine.

Kwa sisi wengine, deni ni dogo mno. Mgeni anayetembelea fuo hizo huambiwa akae angalau mita 15 kutoka kwa sili, na mita 45 kama yuko na mtoto. Mwaka 2017 sili mmoja alizalia Waikiki, katikati ya watalii. Zikafungwa kamba, watu wa kujitolea wakashika zamu, na waogeleaji wakasogea. Yule mama hakuwalipa kitu, wala hakujua kwamba anatunzwa.

Mimi naona huo ndio wema wenyewe: umkute kiumbe amelala, usimuulize anafanya nini siku hizi, urudi nyuma hatua chache. Mita 15 tu, bana. Kwani hizo nazo tutadai kodi?