Mmasai Aliyeshika Kipaza Sauti

Siku ya soko hapa Mashuuru, kijana wa bodaboda alikuwa akingoja abiria kando ya mbuzi waliofungwa miguu, spika ndogo ikining'inia kwenye usukani. Ukaanza wimbo "Mi Mmasai". Wazee wawili waliokuwa wakivutana bei ya beberu wakanyamaza. Mmoja akawa anagonga mapigo kwa rungu chini, vumbi likitimka. Wimbo huo una zaidi ya miaka 20.

Aliyeuimba, Mr. Ebbo, kwa jina halisi Abel Loshilaa Motika, alikuwa Mmasai wa Tanzania. Kazi yake aliifanyia Tanga, akafungua na studio yake huko, Motika Records. Enzi hizo vijana wengi wa Bongo Fleva walivaa na kutembea kama Wamarekani. Yeye alipanda jukwaani na shuka.

Kiswahili chake cha kuvuruga ngeli kiliwavunja watu mbavu. Mimi, Mmasai mwenzake, kiliniuma. Shuleni nilichekwa kwa lafudhi hiyohiyo ya Kimasai, hata ikawa jibu nalijua na mkono siuinui. Nikadhani naye kajiunga na wanaotucheka. Baadaye sana ndipo nilipomsikiliza vizuri. Vina vinatua mahali pake, na kila kosa limewekwa kwa makusudi. Asiyeijua lugha hawezi kuivunja kwa ustadi ule. Tena Mmasai wa wimbo ule haombi radhi kwa lolote. Anautazama mji, anaushangaa, anashika mila yake. Miaka yote tulisimuliwa na wengine. Safari hii msimulizi alikuwa wa kwetu. Albamu yake aliiita Fahari Yako, na jina hilo nalichukulia kama neno aliloniambia mimi.

Saratani ya damu ilimchukua Desemba 1, 2011, huko Arusha, akiwa na miaka 37.

Humkumbuka kila nikifika mji wa Kitengela. Mageti mengi kule yanalindwa na vijana wetu, shuka begani usiku kucha kwenye baridi, na wapo wanaolinda ploti ambazo babu zao walichungia ng'ombe. Wenye nyumba huwaita "Masai" tu, mwaka wa kwanza hadi wa tano. Ndugu msomaji, ukifunguliwa geti leo jioni, shusha kioo umuulize mlinzi anaitwa nani. Kesho mwite kwa jina lake.