Jumatano: Kufichua na Kuumbua

Soma Waefeso 5:11–13, Mathayo 18:15, Yohana 16:8.

Kufichua hutokana na kuficha, kama kufungua kunavyotokana na kufunga. Kuumbua nako hutokana na kuumba: aliyeumbuliwa amevuliwa umbo lake mbele za watu, amebaki na aibu. Neno la kwanza hushughulika na kilichofichwa. La pili humkamata mtu. Kiingereza kina neno debunk, lililotokea katika riwaya ya William Woodward ya mwaka 1923. Chimbuko lake ni Buncombe, North Carolina, kwa sababu ya hotuba isiyo na maana ambayo mbunge Felix Walker aling’ang’ania kuitoa mwaka 1820. Dhihaka imo ndani ya neno lenyewe.

Paulo alitumia kitenzi cha Kiyunani elencho. Kitenzi hicho hicho kimo katika mafungu yote matatu ya leo, lakini Biblia ya Kiswahili ya Union imekitafsiri kwa njia tatu: kukemea, kuonya, kuhakikisha. Katika Mathayo kazi hiyo hufanyika faraghani kati ya watu wawili. Katika Yohana hufanywa na Roho Mtakatifu. Basi je, anayeujua uongo autangaze, au aende kwa upole kwa mwenye nao?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti swali hili lina tarehe. Miongoni mwa Wakurya, msichana asiyekeketwa huitwa msagane, na husemwa kwamba ataleta mikosi nyumbani na hatapata mume. Huo ni uongo. Wako wanawake wengi ambao hawakukeketwa, wameolewa na wanalea watoto. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Hata hivyo, likizo ya Desemba inapofika, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wako wasichana wanaokimbia usiku kwenda nyumba salama za Masanga na Mugumu.

Wengine hulishika fungu la Mathayo na kusema, “Tusimwaibishe mzee wetu, tuzungumze naye kwanza.” Lakini Yesu anamwagiza aliyekosewa. Hapa anayekosewa ni binti, naye hawezi kuambiwa angoje mpaka watu wazima wamalize mazungumzo. Kisu hakingoji. Anayejua siku iliyopangwa atoe taarifa, hata kama ngariba ni shangazi yake. Huko ni kufichua.

Kazi ya pili ni ya polepole. Baba aliyetukanwa mkutanoni huondoka ameumbuka, lakini bado anaamini habari ya mikosi. Pengine sasa anaishikilia zaidi, maana ndiyo heshima pekee iliyombakia. Nyumba salama hizo zinalijua jambo hili: msimu ukiisha, huanza usuluhishi na wazazi, ili binti arudi mahali ambapo hatadhuriwa. Wako wazazi wanaokubali. Wengine hukataa, na binti hubaki huko.

Maswali ya kujadili: Kama baba huyo ni mshiriki wa kanisa lenu, naye ameketi katika darasa hili, nani ataanza kusema naye, na wapi? Binti yake atalala wapi usiku huo?