Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 12: Halali Iliyopambwa

Allah atupokelee saumu zetu na atusamehe tuliyopunguza.

Leo nimeletewa swali, na mwenye swali ameniruhusu nilijibu hapa bila kumtaja. Anasema kuna mzee mwindaji anauza bunduki yake, ya risasi ya .375, ile ya kuwindia wanyama wakubwa. Kitako ni cha mti wa jozi, ubavuni imechorwa nakshi ya nyati, na ukiiweka begani inakaa kama ilipimwa kwako. Pesa anayo, ni akiba ya mwaka na nusu. Leseni ya polisi ataomba, na kibali cha kuwinda ataomba msimu ukifunguliwa Julai. Anauliza: "Sheikh, kuna dhambi hapo?"

Jibu fupi: ukifuata sheria, kununua si dhambi. Uwindaji si haramu. Hamza, ami yake Mtume (rehma na amani zimshukie), alikuwa mwindaji, na siku aliyosilimu alikuwa anarudi kutoka mawindoni na upinde wake. Adiy bin Hatim alimuuliza Mtume kuhusu mbwa na mishale ya kuwindia, akafundishwa hukumu zake. Basi asije mtu akakwambia mwindaji ni mtu mbaya.

Lakini ndugu yangu, kama swali lingekuwa hilo tu, usingeliuliza mara tatu. Umeuliza mara tatu kwa sababu moyo wako umeshaona jambo ambalo neno "halali" halikulijibu. Hebu tulitazame pamoja.

*Kwanza, tuseme ukweli kuhusu uzuri.* Chombo kizuri kina mvuto wake, na kupenda kitu kizuri si unafiki wala upungufu wa imani. Risasi hiyo ya .375 ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na mpaka leo wawindaji wanaiamini. Bunduki mpya za mafundi wa aina hiyo, zile za mitutu miwili, bei yake inapita pauni laki moja, na mnunuzi husubiri miaka itengenezwe kwa mkono. Sasa jiulize, pesa yote hiyo inanunua nini? Nyati haulizi nakshi. Askari wa wanyamapori anayeitwa kijijini tembo akiingia shambani, bunduki yake imechubuka kitako na rangi imetoka, na kazi inafanyika. Kinachozidi hapo ni cha nafsi. Hicho nacho si haramu, ila kijue kwa jina lake. Usikiite "mahitaji".

*Pili, chombo kinadai.* Kisu kizuri kikikaa jikoni kitakata vitunguu, kazi ipo kila siku. Bunduki ya wanyama wakubwa haina kazi nyingine. Ukishaitundika ukutani, kila ukipita itakuuliza: lini? Na siku utakapokwenda porini, utakwenda kwa sababu ya nani? Kwa ajili ya nyama, au ili bunduki isikae bure?

Historia ya hapa Afrika Mashariki inatupa mfano. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Kati ya bunduki zake ilikuwepo moja ya Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya marafiki zake wa Uingereza. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, yeye na mwanawe walipiga wanyama 512, wakiwemo simba 17 na tembo 11. Haki isemwe: wengi walikwenda kwenye makumbusho ya Washington, na wengine waliliwa na msafara. Lakini soma tena hesabu hiyo polepole. Mtu akiwa na chombo kizuri, ruhusa, na pori limejaa mbele yake, ni nini kinamwambia "sasa basi"?

Dini yetu inajibu hapo. Imepokewa kwa Nasai kwamba anayemuua shomoro bila haki yake ataulizwa na Allah. Na haki yake ni nini? Umchinje umle, usimkate kichwa ukamtupa. Huyo ni shomoro, jamani, anaenea kiganjani. Nyati dume anafika kilo 700. Sasa wapime wale watano wanaosifiwa na wawindaji: simba na chui wana meno ya kuwindia, hawaliwi. Tembo haliwi katika madhehebu yetu ya Shafii. Faru sheria ya nchi hairuhusu kumgusa. Anabaki nyati. Ukimpiga kwa kibali, ukataja jina la Allah, ukamkuta hai ukamchinja, nyama ikafika kwa wenye njaa, hiyo ni riziki. Ukimpiga ili pembe zipande ukutani, andaa jibu.

*Tatu, ghafla.* Kuna hadithi kwa Abu Daud na Tirmidhi inayotuonya kwamba anayefuata mawindo hughafilika. Hakuambiwa amefanya haramu, angalia vizuri. Ameonywa atasahau. Na katika Surat Swaad tunasimuliwa Nabii Sulaiman (amani imshukie) alivyoonyeshwa jioni farasi wazuri, wenye mbio. Farasi halali, wa kazi ya dini. Wafasiri wengi wanasema aliwatazama mpaka swala ya alasiri ikampita, naye alipozinduka akarejea kwa Mola wake. Kama Nabii alijaribiwa kwa uzuri wa halali, mimi na wewe ni nani?

Na hapa ndipo Ramadhani inapoingia. Katika Surat Al-Maida, Allah anawaambia waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo yaliyo karibu, yanayofikiwa na mikono na mikuki yao, wakati wako katika ihramu. Mnyama yuko pale, mkono unamfika, na jana alikuwa halali. Mtihani ni kuuzuia mkono. Saumu ni mtihani huohuo. Maji ni halali, chakula ni halali, yako, umekinunua kwa jasho lako, na bado saa tisa mchana unasema: si sasa hivi. Mwezi mzima tunafundishwa neno hilo moja. Asiyeweza kuiambia halali "subiri", siku haramu ikija imepambwa ataiambia nini?

Basi ndugu yangu, nakushauri hivi. Usinunue mwezi huu. Subiri Idi ipite, na katika siku zilizobaki fanya matatu.

1. Toa zaka ya akiba hiyo. Kama imefika nisabu na mwaka umepita, asilimia mbili na nusu si yako, hata ukinunua leo. Na anayekimbilia kununua kabla mwaka haujatimia ili asitoe, huyo anamkimbia maskini.

2. Orodhesha wanaokudai, na wazazi wako wanahitaji nini. Orodha hiyo iwe mbele ya bunduki.

3. Andika nyama ya mnyama wa kwanza itakwenda kwa nani, kwa majina. Ukishindwa kuandika majina, umeshapata jibu.

Utaniambia: "Sheikh, mzee akiuza kwa mwingine je?" Akiuza, utasikia uchungu. Usiukimbie, upime. Ukiisha kwa siku tatu, ilikuwa tamaa. Na baada ya Idi ukiikuta bado ipo, na orodha zako zimekaa sawa, inunue kwa taratibu za polisi, sema Bismillah, wala usimwonee mtu haya.

Nanyi msiotaka bunduki, msicheke. Kila mmoja ana yake: simu, gari, seti ya sofa, kitambaa cha Idi cha bei ya kodi ya nyumba. Halali zote. Leo kabla ya futari, itaje yako kwa jina, halafu iambie: si sasa.

Ewe Allah, turuzuku kilicho halali, na utupe nguvu ya kukiacha pale kinapotusahaulisha Wewe. Viweke vitu mikononi mwetu, usiviweke mioyoni mwetu. Amin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane tarawehe, inshaallah.