Ushindi wa 1971 ni wa Nani?

Mtu akinyang'anywa kitu, kisha akapata kingine kwa jasho lake mwenyewe, je, twaweza kusema amerudishiwa? Swali hili twaliona wazi katika mashindano ya kandanda ya vyuo vikuu vya Marekani, yaliyoanza mwaka 1959, na ambayo Chuo Kikuu cha Saint Louis kilikuwa kama kimeyageuza shamba lake.

Desemba 1971, huko Miami, Chuo Kikuu cha Howard cha Washington kiliwashinda hao Saint Louis mabao 3 kwa 2. Mwalimu wao wa mpira, Lincoln Phillips, alitoka Trinidad, na wachezaji wengi walitoka visiwa vya Karibi na Afrika. Hakuna chuo cha watu weusi kilichokuwa kimepata ubingwa huo kabla yao. Mwaka 1973 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kikaufuta, kikisema baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza. Kanuni yake moja ilimhesabia mwanafunzi mgeni michezo aliyocheza kwao baada ya kutimiza miaka 19, ikampunguzia muda wa kuchezea chuo. Howard wakaenda mahakamani. Mwaka 1975 mahakama ya rufani ikakubali kwamba kanuni hiyo iliwabagua wageni. Lakini adhabu ikabaki, kwa kuwa kanuni nyingine zilizovunjwa zilikuwa halali.

Hatusemi kanuni zidharauliwe. Sisi tuliosimamia mitihani miaka mingi twajua kwamba asiyesajiliwa hutolewa chumbani, hata awe hodari namna gani. Ila mtunga kanuni akionekana ametunga moja ya ubaguzi, yafaa naye aulizwe atalipa nini.

Mwaka 1974 Howard walishinda michezo yao yote 19, wa mwisho dhidi ya Saint Louis, mjini kwao hao Saint Louis, 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Watu huipenda sana sehemu hii. Husema haki imetendeka. Hapo sisi twasita. Chama hakikutoa chochote. Vijana ndio waliojilipa wenyewe kwa miguu yao. Tena waliokwisha kumaliza masomo baada ya 1971 hawakuwamo uwanjani siku ile. Bila shaka walifurahi kwa ajili ya wenzao, lakini walichonyang'anywa wao hakikurudi. Katika kumbukumbu za NCAA, mwaka 1971 hauna bingwa mpaka leo.